Pimbi Waliozoea Papai

Shemeji yangu ni mfupi. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane mbele ya safari, kwa sababu kazi yake ni kuhesabu pimbi, na katika lugha yetu mtu mfupi naye huitwa pimbi. Siku alipokuja nyumbani kwa mara ya kwanza kumposa dada yangu, alijitambulisha vizuri, jina, ukoo, kazi, akasema ameajiriwa na idara ya wanyamapori kuhesabu pimbi wa mlimani. Nikamwuliza kama hesabu huwa anaanza na yeye mwenyewe. Dada alinifinya paja chini ya meza mpaka machozi yakanilengalenga. Lakini yule bwana hakukasirika hata kidogo. Alisema hapana, yeye hujihesabu wa mwisho, maana akianza na mkubwa wao atawavunja moyo wengine. Hapo nikajua dada yangu amepata mume, na mimi nimepata mtu wa kutaniana naye maisha yangu yote.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko mkabala na kituo cha wanyamapori, na nyumba ya Dada na Shemeji iko nyuma ya kituo hicho hicho, mahali ambapo njia ya mlimani inaanzia. Kwa hiyo kila mchana narudishia mlango, naning'iniza kibao cha NARUDI SASA HIVI, navuka barabara na kupiga hodi.

"Nimepita tu," nasema. "Nilikuwa naelekea huko mbele."

Huko mbele hakuna kitu, kuna ukuta. Dada anaongeza sahani. Nimekuwa nikipita tu tangu walipooana, na sikumbuki siku niliyopotea njia.

Mama yetu alifariki nikiwa bado sijui kufunga kamba za viatu. Dada ndiye aliyenifundisha kamba, kusoma, kuosha nyuma ya masikio, na kutowajibu wakubwa. Hilo la mwisho halikuingia. Ana ugonjwa mmoja tu dada yangu, nao hauna dawa: hawezi kumpa kiumbe chochote chakula kibaya. Fundi bomba akija kuziba bomba, anaondoka amekula. Paka wa jirani wamehama kwao kabisa. Mimi nikizidisha maneno mezani, hunitishia kwa kitu kimoja.

"Siku nikikuchoka sitakufukuza," husema. "Nitakupikia kitu kibaya, kila siku, mpaka uache kuja mwenyewe."

"Huwezi," namjibu.

"Siwezi," anakubali, na kunijazia mchuzi.

Sasa, pimbi wetu wana manyoya laini, mazito, ya rangi ya chai ya maziwa. Wategaji huwakamata mlimani kwa msimu, na ngozi zao hushonwa kofia na mablanketi ya watu wa nchi za baridi. Kazi ya kituo cha Shemeji ni kusema mlima una pimbi wangapi, ili wakubwa waamue ni wangapi wategwe na wangapi waachwe wazae. Kazi hiyo aliifanya miaka mingi kwa amani, mpaka bosi wake alipokuja kutoka makao makuu, na gari lenye vumbi na uso usiocheka.

Bosi alinyoa ndevu kibandani kwangu, ndiyo maana habari niliipata kabla ya mwenyewe. Alisema anasikia pimbi wamepungua. Mwaka huu ihesabiwe upya, na kwa makini. Wakizidi mia mbili, msimu wa kutega utafunguliwa kama kawaida. Wakiwa chini ya hapo, utegaji utapigwa marufuku mlima mzima, na pasipo utegaji hapahitajiki kituo. Kituo kitafungwa na Shemeji atahamishiwa ziwani, kule mwisho wa reli, akahesabu fisi maji.

Nilisimamisha wembe katikati ya shavu. Bosi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni huruma kwa fisi maji.

Lakini nilikuwa naogopa, na sioni aibu kulisema. Shemeji akienda, Dada anaenda naye. Mtu mzima mwenye biashara yake na ndevu zake nilikuwa nimesimama pale na wembe mkononi, naogopa kuachwa na dada yangu kama siku ya kwanza ya shule. Tangu hapo nikaanza kuwaombea pimbi wazaane.

Shemeji alikuja jioni kupunguza nywele. Ni kazi nyepesi, kwa sababu nywele zenyewe zimeshapungua kwa hiari yao. Nikamwuliza hesabu ya pimbi inafanyikaje, maana hawapangi mstari.

"Rahisi," alisema. "Tuseme mimi sijui mtaa huu una wanaume wangapi. Leo wewe unanyoa sitini, wote mtindo mmoja wa ajabu, halafu unawaachia wakachanganyike na wenzao. Baadaye nasimama barabarani nakamata hamsini, bila kuchagua. Nikikuta nusu yao wana ule mtindo wako, najua ulinyoa nusu ya mtaa. Kwa hiyo mtaa una watu mia na ishirini. Umenipata?"

"Na ukikuta wachache tu wenye mtindo?"

"Najua mtaa ni mkubwa na biashara yako ni mbovu."

Kisha akajikohoza, akaniomba msaada. Miaka yote alikuwa akiwatia pimbi alama ya rangi mgongoni, lakini pimbi ni mnyama wa kujisugua mawe, na rangi ilikuwa ikifutika. Safari hii alitaka alama isiyofutika upesi. Alikuwa amefikiria, akaona kwamba kitu pekee kisichofutika ni kunyolewa vibaya.

"Na kwa kunyoa vibaya," alisema, "sina haja ya kwenda mbali."

Ndivyo nilivyopata wateja wa mlimani. Shemeji alipanga masanduku yake ya waya kati ya mawe. Pimbi akiingia kufuata chakula, mlango unajifunga nyuma yake bila kumdhuru. Asubuhi tunapanda, Shemeji amevaa glavu za ngozi mpaka kwenye kiwiko, anamtoa mmoja mmoja kichwa kikiwa ndani ya gunia ili asituume, nami namnyoa kipara cha mviringo mgongoni karibu na kiuno, ukubwa wa mdomo wa kikombe. Kisha tunamwachia. Sijawahi kuwa na wateja wagumu kama wale, lakini angalau hawakuniambia habari za siasa.

Chambo cha serikali kilikuwa kabichi, na kabichi lenyewe lilikaa stoo mpaka likanyauka na kuanza kunuka. Dada alilitazama mara moja tu.

"Unamwalika mtu kwako halafu unampa kabichi la wiki iliyopita?" alimwuliza mumewe.

"Ni pimbi, mke wangu."

"Na ndiyo maana hana pa kulalamika."

Akamenya papai lililoiva, akalikata vipande, akanyunyiza chumvi kidogo, kwa sababu alisikia wanyama wa majani hupenda chumvi. Shemeji hakuona ubaya. Chambo ni chambo, mradi masanduku yote yawe na kitu kile kile. Mimi nilikula vipande vilivyobaki kwenye ubao, nikaona serikali ingekuwa hivi siku zote nchi ingekuwa mbali.

Masanduku yalijaa. Tulinyoa sitini kamili, Shemeji akafurahi mno. Miongoni mwao alikuwepo dume mmoja mnene, sikio moja limechanika, ambaye aliingia sandukuni kana kwamba ameitwa kufungua mkutano. Tulimkuta amekula, amelala, na tulipofungua mlango alitoka taratibu bila kutuaga. Tukamwita Mheshimiwa. Dada alipanda siku moja kumwona, wakatazamana kwa muda mrefu. Aliporudi alisema yule ana macho ya mtu aliyelelewa vizuri.

Baada ya hapo kulikuwa na mapumziko. Shemeji alieleza kwamba lazima walionyolewa wapewe muda wa kuchanganyika na wasionyolewa, la sivyo hesabu haitakuwa na maana. Masanduku yaliachwa pale pale mlimani, milango imeshikiliwa wazi kwa kamba ili asinaswe mtu. Mapumziko yalipokwisha, tukatega kwa awamu ya pili, papai lile lile, chumvi ile ile.

Asubuhi yake nilipanda nikiwa na furaha, na nilipofika juu furaha ikazidi, maana masanduku yalijaa tena. Nikafungua la kwanza: kipara. La pili: kipara. La tatu: Mheshimiwa, amelala.

"Shemeji, kazi yangu hiyo!" nilipiga kelele. "Angalia mviringo huo! Haujaharibika hata kidogo! Na huyu! Na huyu pia wangu!"

Nilikuwa nimefika mwisho wa mstari nikijisifu ndipo nikageuka kumtazama. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, glavu ameziweka magotini, na alionekana mfupi kuliko siku zote. Safari hiyo sikumwambia.

Katika pimbi hamsini tuliowakamata awamu ya pili, arobaini na tano walikuwa na kipara. Hata kinyozi anaweza kuona maana yake. Kama karibu kila unayemkamata umeshamnyoa, basi umeshanyoa karibu mlima mzima. Shemeji alipiga hesabu, ikatoka sitini na saba. Wakubwa walitaka mia mbili.

"Ongeza kidogo," nilimwambia tukiwa tunashuka. "Mia na hamsini tu juu yake. Nani atapanda kuja kuhakikisha?"

"Hapana."

"Basi sema umeona wengine kwa mbali, wamejificha."

"Shemeji," alisema, na hakuwa anatania, "nikiongeza mia na hamsini leo, wategaji watapewa ruhusa ya kutega pimbi ambao hawapo. Hesabu si ngozi, useme utaivuta itanuke. Dada yako ameshafunga sufuria kubwa. Usinifanye niumie zaidi ya hapa."

Nilimkasirikia siku hiyo, kisha nikajikasirikia mwenyewe, kwa sababu alikuwa na haki na mimi nilikuwa na njaa. Kwa Dada, masufuria yalikuwa yamepangwa moja ndani ya jingine, yamefungwa kwa shuka ya zamani. Hakulia. Alikuwa akinionyesha jinsi ya kupika maharage.

"Unaloweka jana yake," alisema.

"Nitakula hotelini."

"Unaloweka jana yake," alirudia, "na chumvi unatia mwishoni. Unanisikia? Mwishoni." Kisha akageukia dirisha, na mgongo wake ukawa unatikisika kidogo, nami nikatoka nje kwenda kukagua ukuta.

Kabla ya taarifa kupelekwa kwa bosi, Dada alitaka kuwaaga majirani, na kuaga kwake ni kupika. Mchana wa Jumapili viti viliazimwa, meza ikatolewa uani, na mtaa ukaalikwa wote, nyumba kwa nyumba. Waliokuja walikuwa fundi bomba, muuza mkaa, mwalimu mstaafu wa pale kona na mkewe, mapacha wa duka la dawa na wengine wachache wa aina hiyo. Yaani wale wale. Kila mmoja alijua kiti chake, mwalimu mstaafu alikuja hata na kijiko chake.

Nilikuwa na huzuni, na mimi nikiwa na huzuni mdomo hunifunguka. Nikasimama kana kwamba natoa hotuba.

"Ndugu zangu, namhurumia mtaalamu atakayekuja kuhesabu watu wa mtaa huu kwa sahani za dada yangu. Atatega sahani leo, atapata sisi. Atatunyoa. Atatega tena kesho, atapata sisi sisi, tena tumewahi viti. Ataandika kwamba mtaa mzima una watu kumi na wanne, na wote wanene!"

Watu walicheka sana, fundi bomba akapaliwa na wali. Shemeji peke yake hakucheka. Kijiko kilikuwa kimesimama katikati ya sahani na mdomo wake. Akakirudisha sahanini polepole.

"Bila kuchagua," alisema.

"Nini?" nikamwuliza.

"Nilisema nakamata hamsini bila kuchagua." Akasimama, na kwa kuwa alisimama ghafla watu wakadhani anajibu hotuba. "Mke wangu. Yale mapumziko ya katikati, masanduku yalipokuwa wazi. Kuna mtu aliyekuwa anapanda mlimani?"

Dada alianza kukusanya sahani ambazo watu walikuwa bado wanazilia.

"Mke wangu."

"Jioni jioni tu," alisema Dada. "Kunyoosha miguu."

"Mikono mitupu?"

Hata mwalimu mstaafu aliacha kutafuna.

"Walikuwa wamezoea," Dada alisema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Unamzoeza kiumbe papai, halafu siku moja anakuja anakuta sanduku tupu. Atafikiri amekosa nini? Niliwapelekea kidogo tu. Mheshimiwa alikuwa ananisubiri pale pale mlangoni."

Nilidhani Shemeji atafoka. Badala yake alikaa chini, akafunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kumtikisika, nasi tukahofia analia mpaka alipoondoa mikono. Yule bwana alikuwa anacheka mpaka hana pumzi. Alipopata nafasi akatueleza. Hesabu yake ilikuwa na maana endapo tu kila pimbi, mwenye kipara na asiye nacho, ana nafasi sawa ya kuingia sandukuni. Sasa wale sitini wamefundishwa kwamba sanduku ni mgahawa. Wanaingia wao wa kwanza, wanajaza viti, na mlima mzima uliobaki haupati nafasi hata kama ungetaka.

"Sikuhesabu pimbi wa mlima," alisema. "Nimehesabu wageni wa mke wangu."

Kilichofuata kilikuwa chepesi. Badala ya kutega, tulihesabu kwa macho. Pimbi ni mnyama wa baridi ya asubuhi: jua likichomoza hutoka mashimoni na kujianika juu ya mawe, na huwezi kumwambia huyu ajianike yule asijianike. Tukakaa ng'ambo ya korongo, kwenye kilima cha pili, Shemeji na darubini, mimi na chupa ya chai, hakuna papai karibu. Dada aliachwa nyumbani kwa amri ya serikali. Asubuhi iliyokuwa angavu kuliko zote tuliona wazi pimbi themanini na wanne. Vipara vilikuwa ishirini. Asubuhi nyingine zilileta kitu kile kile, zikipishana kidogo tu.

Kwa hiyo sitini niliowanyoa walikuwa chini kidogo ya robo ya wote. Shemeji akapiga hesabu juu ya jiwe kwa kipande cha mkaa, ikatoka mia mbili na hamsini na mbili. Akaipiga tena. Mara ya tatu nikamnyang'anya mkaa, nikamnyanyua juu, jambo ambalo kwa umbo lake si gumu, na tukashuka mlima tunaimba.

Bosi alikuja, akakaa ng'ambo ya korongo asubuhi yake mwenyewe, akaridhika. Kituo kitabaki. Msimu wa kutega utafunguliwa mwezi ujao, kama kawaida. Dada alifungua ile shuka ya zamani, masufuria yakarudi ukutani, na mimi siku hiyo nilipita tu mara mbili.

Tulikuwa mezani, Shemeji anasimulia kwa mara ya tano jinsi bosi alivyoteleza kwenye jiwe. Dada alikuwa ameshika chungwa, hamenyi.

"Wategaji hutumia nini?" aliuliza.

"Masanduku kama yetu," Shemeji alijibu. "Tofauti ni kwamba wao hawafungui..."

"Wale wenye kipara," Dada alisema, "wakiona sanduku watafanya nini?"

Mawazoni nilimwona Mheshimiwa akiingia taratibu, akijilaza, akingoja asubuhi afunguliwe mlango na dada yangu.

"Wataingia wa kwanza," Dada alisema. "Wote sitini. Kwa sababu yangu."

Nami nikafikiria jinsi nilivyoomba mlima uwe na pimbi wengi, na kwamba kila siku ya kukaa na dada yangu ilikuwa inalipiwa huko juu. Nikasukuma sahani kando.

Shemeji alipapasa kipara chake mwenyewe. "Wategaji wana haki ya pimbi wa mlima," alisema mwishowe. "Ila hawana haki ya pimbi niliowafundisha mimi kuingia sandukuni. Tuna karibu mwezi mmoja. Aliyewazoesha anaweza kuwazoesha vingine."

Alimtazama mkewe, na Dada akaelewa kabla yangu. Akaweka chungwa mezani, akasimama, akaenda jikoni kama mtu anayekwenda kung'olewa jino.

Nilipopita mchana uliofuata nilikuta sinia la papai mezani, limekatwa vizuri, linang'aa. Nikachukua kipande. Nimekwisha kula vitu vingi maishani, nimewahi hata kujipikia, lakini kile sijui nikieleze vipi. Kilikuwa kichungu kama shubiri, kwa sababu kilikuwa kimelowekwa kwenye shubiri, na ukali wa pilipili ukaja nyuma kumalizia. Nilikimbilia mtungini.

"Si yako hiyo," Dada alisema. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa mekundu kwa pilipili.

Alikuwa amepika kitu kibaya. Kwa mikono yake, kwa makusudi, sinia zima. Akakibeba mwenyewe mpaka mlimani, kwa sababu alisema kama ni kuwasaliti basi wamwone usoni. Siku ya kwanza Shemeji alilazimika kumkagua mkoba, akakuta vipande vitamu vimefichwa chini ya leso, eti vya wadogo. Siku ya pili alikagua tena, akavikuta ndani ya kiatu. Baada ya hapo akajikaza. Pimbi akiingia na kulamba, Dada alikuwa akitokea nyuma ya jiwe na kupiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, yeye ambaye hajawahi kumpigia kelele hata nzi, na pimbi akitoka mbio anageuka kumtazama. Huko kutazamwa ndiko kulikommaliza. Alirudi nyumbani kila siku amechoka, anaosha mikono muda mrefu.

Vipara vikapungua masandukuni. Kutoka wengi wakawa wachache, kisha wawili, kisha Mheshimiwa peke yake. Mheshimiwa hakati tamaa upesi, ndivyo walivyo. Aliingia, akalamba, akapiga chafya, akatimuliwa, na kesho yake akarudi kuona kama serikali imebadilika.

Siku ya mwisho kabla ya msimu tulipanda wote watatu. Sanduku moja tu, papai moja. Tulijificha. Alikuja mchana, anatembea kwa madaha, manyoya yameanza kurudi pale nilipomnyoa. Akafika mlangoni, akanusa. Akakaa kitako nje ya sanduku muda mrefu, akalitazama lile jiwe ambalo Dada alijificha nyuma yake, kwa kuwa alijua yuko pale. Dada alikuwa amekumbatia mfuniko kifuani, midomo inacheza bila sauti. Mheshimiwa akageuka, akapanda juu ya mawe, akapotea.

"Nenda," Dada alisema, ameshaanza kulia. "Nenda, mwanangu, na usirudi."

Msimu ulifunguliwa. Wategaji walipata sehemu yao, na ngozi zote walizoleta kituoni Shemeji alizigeuza moja moja, akitafuta mviringo wangu karibu na kiuno. Mingine ilikuwepo, siwezi kusema haikuwepo. Ilikuwa michache. Hakuna ngozi iliyokuwa na sikio lililochanika.

Siku hiyo ya kugeuza ngozi nilivuka barabara, nikapiga hodi.

"Nimepita tu."

Dada akaongeza sahani, akaifunika, akaisukuma mbele yangu. Nikafunua. Kilikuwa chakula kizuri, kinafuka moshi, kama cha siku zote. Lakini nilikuwa nimeshaona anachoweza kupika mtu anapokupenda na kutaka uokoke, na sikuwa na hakika tena. Nikainamisha pua juu ya sahani.

"Mbona huli?"

"Nanusa kwanza."

Kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule uanze, dada yangu alicheka, akanipiga mwiko wa begani.

"Kula, mjinga wewe," alisema. "Hiyo ngozi yako nani anaitaka?"

Nikala, nikamwomba aniongeze.